Mkutano Usiounganika: Programu Kongwe za Mikutano na Njia ya Giheta

Tuchukue ofisi ya ushirika wa kahawa Giheta, upande wa Gitega. Ofisi ya kawaida tu. Mezani kuna kompyuta yenye Windows 7, spika mbili ndogo na kamera iliyofungwa kwa mpira juu ya kioo. Ruta iko juu ya kabati. Programu ya mikutano iliwekwa na mradi fulani uliokwisha kufunga virago siku nyingi. Saa nne asubuhi wenzao wa Muyinga wanangoja. Karani anaandika jina, anaandika neno la siri, kiduara kinazunguka weee, kisha yanatokea maandishi mekundu kwamba imeshindikana kuunganisha. "Rezo hakuna, shefu," anasema, yaani mtandao haupo. Mwenyekiti anaitikia kwa kichwa, kompyuta inazimwa, simu inatolewa mfukoni na mkutano unahamia WhatsApp, kwa Wi-Fi ya ruta ileile iliyosemwa haina rezo.

Kama WhatsApp imepita, njia ipo. Kilichokosekana ni maelewano kati ya programu ya zamani na vyote vilivyobadilika kuizunguka: ruta, seva, vyeti vya usalama, taratibu za kampuni ya simu. Burundi imekaa miaka mingi na mtandao wa kusuasua, na watu wameuzoea ukweli huo hata ukageuka kisingizio cha kuubebesha mtandao lawama zisizo zake. Hasara yake ni ya fedha. Ofisi inanunua bando kubwa zaidi, inabadilisha laini, inamlipa fundi apandishe antena, na maandishi mekundu yanabaki palepale. Ninachodai hapa ni kimoja: kwa programu kongwe, kuuliza kama mtandao upo ni kuuliza swali la pili. La kwanza ni mazungumzo yamekatikia hatua gani.

Hata hivyo njia nayo ina habari yake, na anayetaka kuiondolea lawama za bure lazima aijue. Hadi mwishoni mwa miaka ya 2000 karibu Afrika Mashariki yote ilizungumza na dunia kwa setilaiti zilizotulia juu ya ikweta, takriban kilomita 36,000 kutoka ardhini. Sauti kupanda na kushuka umbali huo hutumia robo sekunde, na jibu robo nyingine. Ndiyo maana simu za kimataifa za enzi hizo zilijaa watu wanaokatana maneno. Julai 2009 mkongo wa SEACOM ukawashwa, na mwaka 2010 ukafuata EASSy, yote ikitia nanga Mombasa na Dar es Salaam. Burundi haina pwani. Ilibidi makampuni ya mawasiliano yaungane, kwa msaada wa Benki ya Dunia, yaunde Burundi Backbone System ili kusambaza mkongo mikoani na kuuunganisha na Rwanda na Tanzania. Leo mtu wa Giheta ana njia bora mara nyingi kuliko ile waliyokuwa nayo mabalozi wa Bujumbura mwaka 2005.

Bora, lakini ndefu. Giheta na Muyinga zinatenganishwa na safari ya gari kupitia Karuzi isiyomaliza nusu siku, ila sauti zao zikiwa kwenye mkutano hazipiti Karuzi. Zinakwenda kwenye seva ya mwenye programu, na kwa programu nyingi za zamani seva hiyo iko Ulaya au Marekani. Mwanga ndani ya mkongo hukimbia karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani kila kilomita 1,000 hula milisekunde 5 kwenda na 5 kurudi, bado vituo vya njiani havijachukua chao. Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, ITU, linashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja ili mazungumzo yabaki ya kawaida. Karani wa Giheta akimsalimia mwenzake wa Muyinga kupitia Ulaya, salamu inavuka bahari mara mbili. Inafika, ila imekwisha kula sehemu kubwa ya posho yake ya muda, na kila kasoro ndogo ya njiani inaonekana mapema.

Na kuna siku njia hukatika kweli. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika pamoja kwenye pwani ya Afrika Kusini, na nchi nyingi za ukanda huu, zikiwemo zisizo na bahari, zikaamka na intaneti ya kubahatisha. Siku kama hiyo karani ana haki kabisa. Lakini siku kama hiyo hata WhatsApp inachechemea, picha hazifunguki, na jirani naye analalamika. Tatizo la njia huwapata wote. Tatizo la programu humpata mwenye programu.

Tuje basi kwa programu zenyewe. Namna ya kwanza ya kushindwa ni rahisi kuitambua, ngumu kuikubali: upande wa pili haupo tena. Skype, iliyoanza Agosti 2003 na kununuliwa na Microsoft mwaka 2011 kwa dola bilioni 8.5, ilifungwa tarehe 5 Mei 2025. Skype for Business ya mtandaoni ilikuwa imetangulia, 31 Julai 2021. Google Hangouts ilizimwa Novemba 2022. Vyumba vya mikutano vilivyojengwa juu ya Flash, ambavyo vyuo na mashirika ya misaada vilivipenda sana, vilikufa siku moja: Adobe iliacha kuihudumia Flash mwishoni mwa 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 Flash yenyewe ikakataa kucheza chochote. Kifo cha namna hii hakiondoi alama ya programu kwenye kioo. Unaibofya, inafunguka, inauliza neno la siri, inaahidi. Kisha inakushauri ukague muunganisho wako wa intaneti. Programu haidanganyi kwa makusudi. Inachojua ni kwamba imebisha hodi na haikujibiwa, na mtu aliyeandika ujumbe ule mwaka 2012 hakufikiria kwamba nyumba nzima ingeweza kuvunjwa.

Karibu na kifo kuna kufukuzwa. Tangu Novemba 2022 Zoom ina utaratibu wa kuyakataa matoleo yaliyopitwa na muda, kwa kipimo cha takriban miezi 9. Kwa anayeishi penye intaneti isiyokatika hilo ni jambo la kubofya mara moja. Kwa ofisi inayonunua bando kwa siku, sasisho la makumi ya megabaiti ni gharama, na mara nyingi huja dakika tano kabla ya mkutano. Kivinjari nacho kina ukomo wake: Chrome ya mwisho kukubali Windows 7 ni toleo la 109, la Januari 2023, na kwa Firefox ni toleo la 115. Mwenye mashine ya aina hiyo, kabla ya kufikiria mtandao, ajue kwanza kama anapotaka kwenda bado wanampokea.

Namna ya pili hunifurahisha, kwa sababu dawa yake inaweza kuwa betri bapa ya ukubwa wa sarafu. Ndani ya kompyuta ya mezani mna betri iitwayo CR2032, inayotunza saa wakati umeme haupo. Baada ya miaka kadhaa inakufa. Umeme ukikatika Giheta usiku, asubuhi mashine inaamka ikiamini ni tarehe 1 Januari ya mwaka iliotengenezwa. Sasa seva ya mkutano inaonyesha cheti chake cha usalama, chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kompyuta inakisoma na kuona cheti ambacho hakijaanza kutumika, kwa hesabu yake kimetolewa miaka mingi ijayo, na inakataa kuzungumza na mtu anayeshukiwa. Programu mpya itasema wazi kwamba saa yako si sahihi. Programu kongwe itasema imeshindikana kuunganisha. Simu ya mwenyekiti haina shida hiyo kwa kuwa huchukua saa yake kutoka mtandaoni, na hapo ndipo WhatsApp inapopita huku kompyuta ikikwama kwenye ruta moja. Tazama pembe ya chini kulia ya kioo. Ni ukaguzi wa sekunde mbili, na ni nadra fundi kuanza nao.

Vyeti vina mambo mengine mawili yasiyotibika kwa betri. Kila kompyuta huhifadhi orodha ya mamlaka inazoziamini, na mamlaka hizo nazo huisha muda. Tarehe 30 Septemba 2021 kilikwisha cheti cha msingi kinachoitwa DST Root CA X3, kilichokuwa kikishika mamilioni ya tovuti zilizopewa vyeti vya bure na Let's Encrypt. Simu na kompyuta zilizokuwa zimeacha kusasishwa ziliamka siku iliyofuata zikikataa seva zilizokuwa zikizungumza nazo jana yake, na hakuna aliyegusa kitu Giheta wala Muyinga. La pili ni lugha ya usimbaji. Matoleo ya TLS 1.0 na 1.1 yalitupwa na vivinjari vikubwa mwaka 2020 na kutangazwa rasmi kwamba hayafai mwaka 2021. Seva nyingi sasa hudai 1.2 au zaidi. Windows 7 inaijua 1.2, ila kwa programu nyingi haiitumii mpaka iambiwe. Ukifungua mipangilio ya intaneti kwenye jopo la kudhibiti, kichupo cha mwisho, chini kabisa ya orodha ndefu, kuna visanduku vya TLS. Weka alama kwenye 1.2, funga programu, ifungue tena. Kuna programu zilizofufuka kwa alama hiyo moja. Kuna pia zile zilizobeba lugha yao ya kale ndani ya tumbo lao wenyewe, hizo huziponyi.

Sasa tufike penye kiini, kwenye namna ya tatu, ule ugonjwa uliowatesa mafundi kuliko mwingine wowote: simu inaita, inapokelewa, jina la mwenzako linaonekana, halafu sauti inakwenda upande mmoja. Muyinga wanamsikia Giheta; Giheta hawasikii kitu. Wanaongeza sauti ya spika, wanabadilisha maikrofoni, wanapigiana simu kuulizana "unanisikia?"

Chanzo chake kiko mwaka 1996. Mwaka huo ITU iliidhinisha kanuni ya H.323 ya mikutano ya sauti na picha, na Microsoft ikatoa NetMeeting, programu iliyokuja kukaa ndani ya Windows hadi enzi za XP. Walioibuni waliichukulia kila kompyuta kuwa na anwani yake ya IP inayoonekana duniani kote. Hivyo programu inapoanza mazungumzo huandika anwani yake ndani ya ujumbe: nitumie sauti hapa. Lakini anwani za aina ya IPv4 ni chache, na dunia ikaamua kuzificha kompyuta nyingi nyuma ya anwani moja kwa ufundi uitwao NAT. Ruta ya ofisini inachukua ujumbe wa kompyuta yenye anwani ya ndani, tuseme 192.168.1.20, na kuubandika anwani ya nje. Inabadilisha maandishi ya juu ya bahasha. Barua iliyo ndani haiigusi. Mwenzako wa Muyinga anafungua barua, anasoma kwamba sauti itumwe 192.168.1.20, na anaituma huko, kwenye anwani ambayo ipo katika maelfu ya ofisi na haifiki popote. Sauti ya Giheta inafika kwa sababu inatoka. Ya Muyinga inapotea kwa sababu inaingia.

Juu ya hilo kuna milango, ambayo mafundi huiita poti. NetMeeting ilitaka poti ya 1720 ya kuitia, 1503 ya kushirikiana ubao na faili, nyingine za orodha ya majina na za kudhibiti sauti, kisha sauti na picha zenyewe zikachagua poti za UDP kwa bahati nasibu, popote kati ya 1024 na 65535. Hakuna msimamizi mwenye akili timamu atakayefungua milango yote hiyo kwenye fayawoli yake. Waliofuata walijifunza. Skype ilipendwa Afrika Mashariki kwa sababu ilipenya mahali ambapo wengine waligonga ukuta: ilijua kutafuta upenyo, na UDP ikizuiwa ilijipitisha kwenye poti za 80 na 443 zinazotumiwa na tovuti za kawaida, ambazo hakuna anayezifunga.

Kitabu cha zamani cha maelekezo kitakwambia uingie kwenye ruta ufungue poti na kuielekeza kwenye kompyuta yako. Ushauri huo ulikuwa sahihi na kwa sehemu kubwa ya Burundi leo ni kazi bure. Ukiunganishwa kwa mtandao wa simu, mara nyingi ruta yako yenyewe haina anwani ya kweli. Kampuni nayo imeficha maelfu ya wateja nyuma ya anwani chache, kwani AFRINIC, chombo kinachogawa anwani barani Afrika, imekuwa ikizitoa kwa kipimo kidogo sana tangu 2020. Kuna njia ya kujua. Fungua ukurasa wa ruta, tafuta anwani iliyopewa upande wa nje. Ikiwa inaanza na 100 na namba ya pili iko kati ya 64 na 127, hilo ni eneo lililotengwa mwaka 2012 mahususi kwa ufichaji huo wa makampuni. Ikianza na 10, mambo ni yaleyale. Hapo hata ufungue poti zote za ruta yako, kuna mlango mwingine mbele ambao ufunguo wake hauko Giheta.

Kinachobaki ni kuacha kungoja sauti iingie na badala yake pande zote mbili zitoke kwenda kukutana mahali. Ndivyo programu za kisasa zinavyofanya kwa seva za kusaidiana ziitwazo STUN na TURN. Kwa programu kongwe isiyozijua, ofisi mbili zinaweza kuunganishwa kwa VPN, njia ya faragha ndani ya intaneti, kupitia seva moja ndogo yenye anwani ya wazi, hata ya kukodi, na programu ikaamini kwamba Giheta na Muyinga ziko kwenye chumba kimoja, kama ilivyoaminishwa mwaka 1996. OpenVPN inafanya kazi hiyo vizuri hata kwenye mashine za zamani. Ni suluhisho la fundi, sikatai, na linataka mtu wa kulitunza.

Ndugu wa ugonjwa huo ni simu inayokatika kila mara baada ya muda uleule. Programu zinazotumia kanuni ya SIP, mshindani mwepesi wa H.323, zina tabia inayostahili kupimwa kwa saa ya mkononi: mazungumzo yanaanza safi, pande zote zinasikilizana, halafu yanakatika kwenye sekunde ya 32. Yakirudiwa, sekunde ya 32 tena. Si bahati mbaya wala si mnara. Aliyepokea simu anangoja uthibitisho wa mwisho kutoka kwa aliyepiga. Uthibitisho ukipotea, kanuni inamwambia arudie kwa sekunde 32 kisha akate. Aliyeumeza uthibitisho huo mara nyingi ni ruta yenyewe, kupitia kipengele kiitwacho SIP ALG, kilichowekwa kwa nia njema ya kurekebisha anwani ndani ya ujumbe na ambacho mara nyingi huivuruga. Kizime. Simu ikikatika baada ya dakika moja au tano za ukimya wa upande mmoja, hilo ni jingine: ruta imesahau njia kwa kuwa hakuna kilichopita, na dawa ni kuitaka programu itume pakiti ndogo za kuweka njia hai, kama ina mpangilio huo.

Ndiyo maana nasisitiza muda na mwelekeo. Fundi akiambiwa "haifanyi kazi" anaanza kubahatisha. Akiambiwa "wao wanatusikia, sisi hatuwasikii" au "inakata kwenye nusu dakika", nusu ya kazi imekwisha kabla hajapanda pikipiki kutoka Gitega.

Namna ya nne ndiyo pekee inayostahili jina la mtandao mbaya: mkutano unafunguka, watu wanasikika, lakini sauti inakatakata kama redio ya masafa mafupi. Hapa watu hukimbilia kupima kasi, na kipimo cha kasi huwadanganya. Sauti ya simu ya kawaida kwa usimbaji wa G.711, ukijumlisha na vifungashio vya kila pakiti, inahitaji kama kilobiti 80 kwa sekunde kila upande. G.723.1, uliotumiwa na NetMeeting kwa ajili ya modemu za simu, ulitosheka na kilobiti 6.3, hata 5.3, kabla ya vifungashio. Hizo ni namba ndogo mno. Laini dhaifu ya Giheta inazibeba bila jasho. Kinachoua sauti ni pakiti zinazopotea na zinazofika kwa kuchelewa kusikolingana. Faili ikipoteza pakiti huitisha nyingine. Sauti haina muda wa kungoja. Programu nyingi za sasa hutumia Opus, usimbaji wa mwaka 2012 unaojirekebisha kadiri njia inavyokwenda. Za zamani zina nguvu moja tu, na njia ikiyumba nazo huanguka.

Ili kumjua mkosaji, fungua dirisha jeusi la amri. Tuma pakiti mia moja kwa ruta yako mwenyewe: andika ping -n 100 na anwani ya ruta. Kama zinapotea hata hapo, mkosaji yuko chumbani, na mara nyingi ni Wi-Fi inayopenya kuta mbili za matofali. Waya wa mita kumi unamaliza kesi. Kama hapo ni safi, rudia kwa anwani ya seva iliyo nje ya ofisi. Acha iendelee huku mwenzako akituma picha za miche ya kahawa kwa simu. Ukiona milisekunde mia zinapanda kuwa elfu mbili na kushuka picha zikiisha, umempata: upande wa kupakia umejaa, na sauti imepanga foleni nyuma ya picha. Hakuna bando litakaloponya hilo kama utulivu wa watu wengine kwa saa moja. Niseme pia kwamba kuzima kamera bado ni tiba bora kuliko nyingi zinazouzwa madukani.

Kuna kisa kidogo cha ukubwa wa pakiti ambacho kinajificha vizuri. Maandishi yanapita, orodha ya washiriki inaonekana, lakini mara unapoonyesha faili au picha kila kitu kinaganda. Baadhi ya njia, hasa zenye VPN ndani yake, hazibebi pakiti ya ukubwa kamili wa baiti 1,500, na zikikataa hazimwambii mtumaji. Jaribu ping -f -l 1472 na anwani ya seva hiyo ya nje. Ikishindwa, punguza kidogo kidogo hadi ipite, jumlisha 28, na hiyo ndiyo namba ya kuandika kwenye mpangilio wa MTU wa ruta.

Umeme nao usisahaulike. Kompyuta mpakato ina betri, ruta haina. Umeme ukiyumba kwa sekunde moja taa za ofisini zinapepesa, hakuna anayejali, lakini ruta imezima na inachukua dakika mbili kurudi. Programu kongwe nyingi hazijui kujiunga upya zenyewe. Betri ndogo ya kushikilia ruta peke yake hugharimu kidogo kuliko mabando ya mwaka yanayonunuliwa kwa kudhani tatizo ni kasi. Mnara ukizimika ni jambo jingine, lisilo mikononi mwa ofisi, hasa unapotegemea jenereta katika nchi iliyopitia uhaba mkali wa mafuta miaka ya karibuni.

Je, programu hizi zitunzwe au zitupwe? Sikubaliani na wanaosema kila cha zamani kiondoke. Janga la korona lilipofunga mipaka mwaka 2020, hata Bunge la Afrika Mashariki likaketi kwa video, na kila mmoja akahamia programu mpya ndani ya wiki chache. Zoom yenyewe iliruka kutoka washiriki milioni 10 kwa siku mwishoni mwa 2019 hadi milioni 300 Aprili 2020. Lakini programu hizo mpya zilibuniwa kwa watu wenye mkongo nyumbani na mashine za miaka mitatu. Programu nyepesi ya sauti kwenye Windows 7 inaweza kufanya mkutano wa ushirika ambao programu ya kisasa ingeugeuza kuwa picha zilizoganda.

Ila si kila kongwe hustahili subira ileile. Kinachotenganisha ni nani mwenye upande wa pili. Programu iliyofungwa kwa seva ya kampuni moja ina tarehe ya kufa iliyo mikononi mwa watu wasioijua Giheta, na ikifika hakuna ufundi wa kuirudisha. Programu inayozungumza kanuni ya wazi kama SIP, au inayoweza kuwekwa kwenye seva yako, kama BigBlueButton na Jitsi, inaweza kuishi kadiri mtu anavyoitunza. Zaidi ya hayo seva yake inaweza kukaa Bujumbura, ambako makampuni ya ndani yana kituo cha kubadilishana mawasiliano, na sauti ya Giheta ikafika Muyinga bila kuvuka bahari hata moja. Hilo lingepunguza kuchelewa kuliko antena yoyote. Vyuo vilivyo kwenye mtandao wa elimu na utafiti wa Burundi, BERNET, vina wataalamu wa kulifanya. Ushirika wa kahawa hauna, na hautakuwa nao kama kila mradi unaleta programu yake na kuondoka nayo.

Turudi basi kwenye lile kabati lenye ruta juu yake. Saa ya kompyuta inarekebishwa na mtu yeyote. SIP ALG, MTU, anwani ya nje, poti, vyote viko ndani ya ukurasa wa ruta, na ukurasa huo unauliza neno la siri ambalo aliyeliweka amekwisha kuondoka na mradi. Fundi wa Gitega anafika, anajaribu maneno ya kiwandani, yanakataa, na anabaki na kitufe cha kurudisha ruta kwenye hali ya mwanzo, kitakachofuta pia mipangilio ya laini iliyokuwemo. Mashirika na miradi inayofunga shughuli zake Giheta, Muyinga na kwingineko: kabla ya kukabidhi funguo za mlango, kabidhini neno la siri la ruta, jina la programu na toleo lake, seva inakokwenda na poti inazotumia, kwa maandishi, kwenye karatasi moja iliyobandikwa ndani ya kabati lilelile.